Bamvua la Mkono: Siku Moja Mtoni na Mferejini

Mjomba wangu hapandi chombo kabla hajauliza maji yanajaa saa ngapi. Ni mazoea ya miaka ishirini na ushei ya jahazi, alipokuwa akipakia boriti Rufiji kuzipeleka Unguja, na ikitokea pepo njema mpaka Mombasa. Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwisho wa Mei, tuliposhuka garini kijijini Saltford, katikati ya Bristol na Bath huku kusini-magharibi mwa Uingereza, tukaiona boti imefungwa ukingoni, alisalimia, akauliza tarehe ya mwezi mwandamo, akahesabu kwa vidole, kisha akauliza swali lake. Mwenye boti, mama mmoja niliyefanya naye kazi hospitali kabla hajastaafu, alicheka.

"Mwambie hapa maji hayajai wala hayapwi. Tunayajaza wenyewe."

Nikatafsiri. Mjomba akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jua la huku huwashwa kwa swichi.

Alikuwa na sababu. Wiki moja nyuma nilimpeleka Bristol kuuona Mto Avon ukipita chini ya daraja la Clifton kwenda baharini. Tulifika maji yamekupwa. Mto mzima ulikuwa kingo mbili za matope yanayong'aa na mchirizi katikati. Nilidhani tutapiga picha tuondoke, Mjomba akakataa. Tukakaa kwenye benchi, tukala mihogo ya kukaanga tuliyobeba, tukangoja. Jioni mto ulikuwa umefurika hadi karibu na mizizi ya miti, tena ukienda kinyume, kutoka baharini kurudi bara. Kule mlangoni mwa mto, Avonmouth, tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupita mita 14, na sehemu zenye tofauti kubwa kama hiyo duniani ni za kuhesabu. Kwetu Pangani bamvua likikasirika sana ni mita nne na kitu. Mzee wa miaka 71 alivua kofia.

Watu wa Bristol wao hawakuona cha kuvulia kofia. Meli zao zilikuwa zikikalia tope kila maji yanapokupwa, na meli iliyojaa mzigo ikikaa vibaya huvunjika mgongo. Kati ya mwaka 1804 na 1809 mhandisi William Jessop aliuzibia mto bahari, bandari ya mjini ikawa inajaa saa zote. Kuanzia hapo kwenda juu maji yamefugwa. Bahari kwa kawaida huishia Hanham, penye loki ya kwanza, yaani chumba cha kupandishia na kushushia vyombo, ukihesabu kutoka Bristol. Sisi Saltford tulikuwa kwenye loki ya nne.

Boti yenyewe. Wanaiita boti nyembamba, na jina halitii chumvi: upana wake ni mita 2 na sentimita chache, urefu wa hii yetu mita 17, chuma kitupu, tani kama kumi na tano, na chini ya maji imezama kina cha paja tu. Mjomba aliizunguka kwa macho kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, nyuma, akasema hili ni behewa lililotumbukia majini. Wembamba huo una hesabu yake. Katika miaka ya 1760 mhandisi James Brindley, alipokuwa akichimba mifereji ya katikati ya Uingereza, alibana loki zake zikawa na upana wa kama futi 7 ili kupunguza gharama na kuokoa maji. Chombo ambacho hakikuenea hapo hakikuwa na kazi. Farasi mmoja alikivuta kwa kamba, akitembea ukingoni, na kilibeba tani 25 au zaidi. Farasi wametoweka, siku hizi ni injini ya dizeli inayogugumia chini ya miguu ya msukani, lakini njia ya farasi bado ipo kando ya mifereji karibu yote, na ndimo wanamopita waendesha baiskeli wanaokupita wewe.

Kilichomfurahisha Mjomba ni kwamba hakuna gurudumu la kuzungusha kama la gari. Kuna kana, kana halisi ya kushika mkononi, imechomekwa kwenye usukani pale tezini. Ukiisukuma kushoto chombo kinakwenda kulia, na kwa sababu ni kirefu kinageukia kiunoni, omo inaingia huku tezi inatoka. Mgeni anachukua nusu saa na vichaka kadhaa kulielewa hilo. Mjomba alipewa kana kabla hatujafika mita mia, na mama yule akaenda kuchemsha chai. Tangu hapo Mjomba hakumwita jina lingine isipokuwa Nahodha. Sikuona ajabu, kwake nahodha ni mwenye chombo anayejua lini akuachie kana na lini akunyang'anye.

Tahadhari moja alipewa: barabarani Waingereza hupita kushoto, majini hupishana kwa kukaa kulia. Usiniulize kwa nini.

Kwenye ukuta wa loki kuna ubao wenye rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, wa kupimia mto. Maji yakigusa nyekundu hakuna kutoka, kwa sababu mto wenye mafuriko unakokota chombo bapa kama hiki mpaka kwenye maporomoko. Siku ile ilikuwa kijani safi.

Sasa loki. Neno hilo kwao ni kufuli vilevile, nami sijapata la Kiswahili linalokaa vizuri zaidi. "Lango la maji" linasema nusu tu ya habari, maana loki ni chumba. Chumba cha mawe kisicho na paa, kina milango mbele na milango nyuma, kimejengwa pale mto unapokata ngazi. Pembeni maji ya mto yanamwagika juu ya ukingo wa mawe, na huko chombo hakipiti. Ukiwa unapanda, kama tulivyokuwa tukipanda sisi, unaingia chumba kikiwa kitupu. Kuta zinakusimamia pande zote, nyeusi, zinachuruzika, zimeota majani kwenye nyufa. Milango ya nyuma inafungwa. Mtu aliye juu anachomeka hendeli ya chuma kwenye mhimili wenye meno, anazungusha, na kilango kidogo kilichofichwa chini ya maji kinainuka. Maji ya juu yanaingia yakichemka. Chombo kinapanda. Ukiwa ndani huhisi kupanda, unaona tu ukuta unazama mbele yako, mpaka zinatokea nyasi, halafu viatu vya watu, halafu watu wenyewe.

Milango haisukumiki kabla ya wakati wake. Imekutana kwa pembe, kama paa la nyumba lililolazwa ubavu, ncha ikielekea maji ya juu, na kadiri maji yanavyoisukuma ndivyo inavyozidi kubanana. Walete wanaume kumi, haitikisiki. Maji ya pande mbili yakilingana, mtoto anaifungua. Ubunifu huo huhusishwa na Leonardo da Vinci, kule Milan mwishoni mwa karne ya 15. Kila mlango una boriti nene ya mti iliyotokeza nchi kavu. Unaiegemeza makalio, unakita visigino, unarudi kinyumenyume. Mjomba aliomba asukume ule wa mwisho.

"Nimebeba boriti ujana wangu wote," alisema, "leo nazikalia."

Aliporudi botini alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Mjomba" (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo), "hawa wametengeneza bamvua la mkono."

Nahodha alitaka kujua mzee kasema nini. Nilitafuta maneno, nikakosa, nikasema anasema ni kama baharini. Akaitikia kwa adabu, akitazama ng'ombe waliokuwa wakinywa maji ukingoni. Miaka kumi na mbili nchini kwao na bado kuna vitu navitafsiri kama mlevi.

Loki hiyo ya Saltford ilifunguliwa mwaka 1727, mto ulipofanywa upitike kutoka Bristol hadi Bath. Mwaka 1738 ilivunjwa makusudi na wauzaji wa makaa ya mawe ambao hawakutaka biashara ipite mtoni. Mjomba hakushtuka hata kidogo. Alisema hata kwetu ukiwajengea reli mlangoni watu wa malori, ulale jicho moja wazi.

Pande mbili za mto hapo yamebaki majengo ya viwanda vya shaba. Upande wa Kelston vinu viwili vya kuchomea vimesimama peke yake kama minara iliyopoteza msikiti. Upande wa Saltford kiwanda chenyewe kipo, na kilifanya kazi hadi mwaka 1925. Mto ulizungusha magurudumu, magurudumu yakainua nyundo, nyundo zikafua shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na zinki. Katika karne ya 18 shaba ya bonde hili, masufuria, mabeseni, bangili nene zilizoitwa manila, ilipakiwa melini Bristol ikapelekwa Afrika Magharibi kubadilishwa na watu. Hilo nilikuwa nimelisoma zamani na sikupanga kulisema asubuhi nzuri namna ile. Lakini Mjomba aliuliza vile vinu ni vya nini, na mzee akikuuliza unajibu.

Alisikiliza. Anatoka Pangani, mji uliosafirisha watumwa na pembe, na anajua misafara iliyoanzia mtaani kwao kwenda bara ilibeba nini: shanga, vitambaa vya merikani, na nyaya za shaba.

"Masango," alisema. Basi, neno moja. Nahodha wakati huo alikuwa ametunyooshea kidole mdiria wa buluu aliyepita juu ya maji kama cheche, na alidhani ndiye tunayemtazama.

Loki ya Kelston tulipita bila kisa. Ya Weston, kisa kilikuwa changu. Nahodha alinionya mara tatu kwamba hendeli haiachwi kwenye mhimili hata kwa dakika moja. Kizuizi kikiteleza, uzito wa kilango unaizungusha kwa nguvu ya kuvunja meno ya mtu. Mara tatu, kwa Kiingereza cha taratibu. Niliiacha. Nilikuwa natoa simu nipige picha ya bata na wanawe. Kiwiko kikaigusa, ikachomoka, ikagonga jiwe, chubwi. Nahodha hakusema kitu. Alishuka ndani, akarudi na sumaku kubwa iliyofungwa kamba, kumbe ni kifaa cha kawaida cha kila boti. Mjomba akaivua kama anavyovua changu, kamba kidoleni, akisikiliza. Mara ya kwanza alitoa hendeli yenye kutu ya mjinga mwingine aliyenitangulia. Mara ya pili yetu. Tulianza siku na hendeli mbili, tukamaliza na tatu.

Saa tano tukaingia Bath kwa uani, maana kila mji ulio na mto huupa mto mgongo: maghala, kuta za maegesho, nguo kwenye roshani. Mbele zaidi kulikuwa na daraja la Pulteney, lililokamilika mwaka 1774, lenye maduka pande zote mbili juu yake, na maporomoko ya ngazi zilizopinda kama kwato la farasi, ambayo watalii huyapiga picha na boti haziwezi kuyapanda. Hatukufika huko. Nyuma ya stesheni ya treni, mkono wa kulia, kuna mwanya ambao ungeweza kuupita bila kuuona. Ndio mlango wa mfereji.

Mfereji wa Kennet na Avon, ukijumlisha mito miwili iliyoupa jina, una urefu wa maili 87, kutoka Bristol hadi Reading, ambako unashika Mto Thames kwenda London. Mhandisi alikuwa John Rennie. Kazi ilianza mwaka 1794, ikakamilika 1810. Walichotaka ni mzigo uende London bila kuzunguka kwa bahari, kwenye dhoruba na, kwa miaka ile ya vita, kwenye meli za Wafaransa.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho asubuhi sikukijali. Kwenye mto, ukijaza loki, maji uliyoyatumia yangeshuka tu hata kama hukuja. Mferejini kila chombo kinachopita kinateremsha chumba kizima cha maji, na mfereji hauna mto nyuma yake wa kuyarudisha. Unaondoka na deni. Mtu lazima alilipe mahali fulani.

Na loki ya pili ya Bath ni deni kubwa. Zamani zilikuwa mbili, namba 8 na 9. Barabara ilipopanuliwa zikaunganishwa kuwa moja, mwaka 1976, ndiyo maana hadi leo kwenye ramani inaandikwa kwa namba mbili. Kina chake ni karibu mita 6, na nchi nzima ni moja tu iliyoizidi, iliyoko Sowerby Bridge kaskazini. Nahodha alishika kana, Mjomba akashika kamba iliyopitishwa juu ya nguzo, mimi nikawa juu na hendeli zangu, mfukoni simu imefungwa zipu. Nilipochungulia chini niliona paa la boti kama ubao ndani ya kisima. Kofia nyeupe ya Mjomba haikusogea. Midomo yake ilikuwa ikienda, na najua dua ipi.

Robo ya kilango kwanza, Nahodha alikuwa ameniagiza. Ukifungua kwa pupa, mkondo unakipiga chombo mbele na nyuma, na ncha yake ikinasa chini ya mhimili wa mlango wakati maji yanapanda, kitazama kwa omo. Wanaoshuka wao wana hatari ya kinyume: ndani ya loki, chini ya milango ya juu, kuna kizingiti cha jiwe kisichoonekana maji yakijaa, na tezi ikikikalia maji yanaposhuka, chombo kinaning'inia. Wamechora mstari mweupe ukutani kuonyesha kinapoishia. Basi nikazungusha kwa adabu. Watalii walijikusanya. Mtoto mmoja akaniuliza kama boti ni yangu, nikasema ni ya Nahodha. Akauliza kama yule mzee ni maharamia, mama yake akamvuta mkono.

Nilikuwa nikipiga hesabu kichwani: urefu mita 22, upana mita 4 na kidogo, kimo karibu 6. Inapita lita 500,000. Maboza hamsini ya maji, yale ya lita 10,000 yanayopita mitaani kwetu mabomba yakikauka, ili boti moja ya bibi mstaafu ipande hatua moja. Loki sita za Bath zilituchukua saa moja na nusu, na katikati yake kuna vidimbwi vyenye mabata maji meupe wanaokutazama kana kwamba umechelewa kulipa kodi.

Juu ya loki ya mwisho mfereji unapita ndani ya Sydney Gardens, bustani ya matajiri iliyofunguliwa mwaka 1795. Wenye bustani waliwatoza wachimbaji gini 2,000, sarafu ya zamani ya Uingereza, na kuwadai madaraja yenye umbo la kupendeza. Yale ya chuma yana maandishi ya mwaka 1800 hadi leo. Moja ya mashimo mawili mafupi ya kupita liko chini ya nyumba iliyokuwa ofisi ya kampuni ya mfereji, na darini mwa shimo kuna tundu ambalo inasemekana makarani walipitishia karatasi kwa mabaharia. Nilitazama juu tukipita, nikaona giza.

Kando ya mfereji, bustani hiyo hiyo, inapita reli. Ilifika mwaka 1841 na mwaka 1852 kampuni ya reli iliununua mfereji wenyewe. Ukinunua mshindani wako huna haja ya kumpiga; unaacha kumlisha tu. Katikati ya karne iliyopita sehemu kubwa ilikuwa tope na magugu. Waliourudisha ni watu wa kujitolea, waliounda chama chao mwaka 1962, wakachimba wikendi baada ya wikendi kwa karibu miaka thelathini, hadi Malkia Elizabeth II alipoufungua upya tarehe 8 Agosti 1990 kwenye loki 29 za Caen Hill, mjini Devizes. Mjomba aliposikia kwamba kuna mahali penye loki 29 mfululizo na kwamba leo hatufiki huko, alisema alhamdulillahi.

Baada ya hapo, maili tano bila loki hata moja. Rennie aliuchimba mfereji ubavuni mwa mlima kwenye usawa mmoja, ukifuata mikunjo ya bonde, na mto ukawa chini kushoto kwetu, ukionekana na kupotea katikati ya miti. Tulikula Bathampton: wali wa nazi uliopashwa kwenye jiko la makaa la boti, samaki, na maandazi ya Mjomba. Nahodha alikula kwa mkono baada ya kuona uma unamchelewesha.

Boti zilizofungwa ukingoni zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na kila ukikaribia moja unapunguza injini karibu kuizima, usiikokote na kamba zake. Juu ya mapaa kuna kuni, baiskeli, sufuria za mchicha na nyanya. Wengi wanaishi humo. Nyumba Bath ni ghali, na boti isiyo na gati yake inaruhusiwa kukaa mahali pamoja siku 14 tu, kwa sheria ya mwaka 1995, kisha isogee. Nahodha mwenyewe ndivyo anavyoishi tangu astaafu. Kila wiki mbili anabadilisha duka la mkate na zahanati inakuwa mbali zaidi au karibu zaidi. Mjomba hakuhitaji maelezo. "Wanapiga dago," alisema, kama wavuvi wetu wanaofuata samaki kutoka kambi hadi kambi, mke na masufuria nyumbani. Tofauti, akaongeza, hawa samaki wao ni posta na maji ya bomba.

Alasiri tulifika Claverton, na hapo nilikuwa na jambo langu. Ukiwa mferejini huoni kitu zaidi ya tundu ukingoni linalotoa maji. Tulifunga, tukashuka kwa miguu, tukavuka reli, hadi kwenye nyumba ya mawe pembezoni mwa mto. Bahati yetu watu wa kujitolea walikuwa wameiwasha siku hiyo. Ndani kuna gurudumu la maji la mbao na chuma, pana kuliko barabara ya mtaani kwetu, zaidi ya mita 7, na juu yake mihimili miwili ya chuma inayopanda na kushuka kama ngamia anayeinuka na kukaa. Rennie ndiye aliyelibuni, na lilianza kazi mwaka 1813. Mto unasukuma gurudumu, gurudumu linasukuma pampu, na pampu inainua maji ya mto huo huo futi 48, karibu mita 15, hadi mferejini. Hakuna makaa, hakuna mafuta. Mto mwingi unashuka ili mto kidogo upande, na huo mdogo ndio unaolipa yale maboza hamsini tuliyokopa Bath.

Nilimweleza Mjomba kwa kelele kwa sababu ya mshindo. Hakujibu. Aliweka kiganja kwenye reli ya chuma iliyokuwa ikitetemeka, akakiacha hapo mizunguko mingi, akitazama maji meusi yakiingia chini ya mabamba na kutoka meupe.

"Kumbe huyu ndiye mwezi wao," alisema.

Pampu hiyo ilifanya kazi mpaka mwaka 1952, na baada ya miaka ya kutu ilifufuliwa kwa mikono ya watu wa kujitolea na wanafunzi. Kazi ya kila siku sasa hufanywa na pampu za umeme zilizo jirani. Nilimwambia Mjomba hilo njiani tukirudi, nikajuta. Alisema umeme si habari.

Karibu na saa kumi na mbili jioni, jua bado refu kama la saa tisa kwetu, mfereji ulipinda kushoto kwa ghafla ukaingia angani. Ndivyo ilivyo Dundas: daraja la mawe, urefu wa kama mita 137, limebeba mfereji badala ya barabara. Lilikamilika mwaka 1805 na kupewa jina la mwenyekiti wa kwanza wa kampuni, Charles Dundas. Rennie alitaka lijengwe kwa matofali. Kampuni ikang'ang'ania mawe ya Bath, ya rangi ya asali, na mawe yale yakaanza kumeguka yangali mapya, hata matengenezo ya baadaye yakafanywa kwa matofali. Ukichungulia kutoka ukingoni unaviona viraka. Mwaka 1951 lilikuwa jengo la kwanza la mifereji nchini kuwekwa kwenye orodha ya majengo ya kale yanayolindwa. Chini ya matao inapita treni, na kando yake mto. Mto Avon, ule ule wa asubuhi. Tulikuwa tumeupanda, tukauacha, na sasa tulikuwa tunaelea juu yake, tukitazama migongo ya bata.

Mjomba alizima injini katikati bila kuomba ruhusa. Nahodha alimwacha. Tulikwenda kwa nguvu iliyobaki, polepole, hadi ng'ambo.

Tulifunga mita mia hivi mbele. Loki tisa, kama maili 11, muda wa karibu saa kumi na moja kwa mapumziko yote. Kwa treni ya Saltford, kama kungekuwa na stesheni, ni dakika za kuhesabu. Nahodha aligongomelea vigingi viwili vya chuma ukingoni, akafunga omo, Mjomba akafunga tezi. Baadaye, tulipokuwa tunakunywa chai (Mjomba alikuwa amekuja na tangawizi yake mfukoni), Nahodha alitoka na tochi kuzikagua kamba, akaikuta ya tezi imeachiwa nafasi ya pima nzima. Akaikaza. Akanieleza kwa upole kwamba chombo kikipita usiku, boti yenye kamba legevu inagonga ukuta mpaka vikombe vinaanguka. Nikamfikishia Mjomba. Akasema amesikia, akaomba radhi, akaenda kutawadha kwa ajili ya magharibi.

Asubuhi nilitoka wa kwanza. Umande ulikuwa umelala juu ya paa na mfereji hauna hata kunyanzi. Kamba ya tezi ilikuwa imelegezwa tena, pima moja, yenye fundo zuri la jahazi ambalo mimi siwezi kulifungua.